Vigae, Finjani na Mrashi: Istanbul kwa Mara ya Kwanza

Shangazi yangu ana duka la nguo za kike Mombasa, na Istanbul anaijua kwa masoko yake. Anajua nani mtaani Laleli anauza kwa jumla bila ujanja, na shehena inafungwa saa ngapi. Aliponichukua nimsaidie hesabu aliniambia wazi kwamba hatuendi kutembea. Nikaitikia, lakini nami nilikuwa na haja yangu. Mimi ni mzaliwa wa Lamu, nimekulia katika nyumba ya mawe yenye zidaka, na sijapata kupita mbele ya sahani ya kale nisisimame. Nilikuwa nimesoma kwamba kandokando ya mlango-bahari wa Bosporus kuna makumbusho yaliyotokana na vitu alivyokusanya mama mmoja: nguo, taraza, kauri na vyombo vya nyumbani. Niliazimia kuyaona, hata kama ni kwa saa mbili.

Kabla ya hayo yote nilikutana na bilauri ya chai. Laleli kila duka lina kijana wa chai, anapita mbio kati ya wachukuzi na marobota akiwa na sinia ya kuning'inia mkononi, na chai haimwagiki. Bilauri yenyewe ni ndogo, nyembamba kiunoni, haina mkono. Unaishika kwenye ukingo kwa ncha za vidole. Nikangoja maziwa, hayakuja. Chai yao haitiwi maziwa, na baada ya kunywa kadhaa nikaanza kuona kwa nini wanaipenda katika kioo kitupu: mtu huitazama kwanza. Mwenye duka aliinua yake kwenye mwanga, akaridhika na wekundu wake, ndipo akanywa. Bilauri nyingi za namna hiyo ni za Paşabahçe, jina lililoanza mwaka 1935 kwa kiwanda kilichokuwa upande wa pili wa Bosporus, na ufundi wa kioo ulikuwa umekaa maeneo yale muda mrefu kabla ya kiwanda.

Mchana mmoja shangazi alipokuwa akibishana kuhusu bei ya kusafirisha mizigo, niliteremka mpaka Eminönü. Nilikuwa nimeelekezwa nitafute msikiti wa Rüstem Paşa, nao haujionyeshi. Unapita mbele ya wauza viungo, wauza kamba na wauza majembe, kisha kati ya maduka unaona mlango mdogo na ngazi yenye giza. Unapanda, na ghafla uko juu ya soko, uwanjani, kwenye hewa. Msikiti umejengwa juu ya maduka, na kodi za maduka hayo ndizo zilizowekwa wakfu kuutunza. Mjenzi alikuwa Sinan, na kazi ilifanyika mwanzoni mwa miaka ya 1560 kwa ajili ya Rüstem Paşa, waziri mkuu wa Sultani Süleyman na mume wa binti yake Mihrimah.

Vigae vinaanzia nje, barazani. Nilidhani ndiyo fahari yenyewe, mpaka nikaingia ndani. Kuta, nguzo, kibla, mimbari, kote ni vigae, buluu juu ya weupe, na maua: tulipu, kanesheni, waridi, majani marefu yaliyojikunja. Mwanzoni macho yalizidiwa nisijue pa kuyatuliza. Kilichonisaidia ni kanga. Kila sehemu ya ukuta ina pindo lake na mji wake, na fundi amehakikisha pindo linazunguka pande zote bila kukatika, hata penye kona. Nilipokwisha kuona hivyo nikaweza kuzitazama sehemu moja baada ya nyingine, na nikagundua kwamba ukuta wa kushoto na wa kulia hazivai kanga moja.

Halafu kuna ule wekundu. Vigae hivi vilifinyangwa Iznik, mji mdogo wa kando ya ziwa kusini mashariki mwa Istanbul, kwa udongo ambao sehemu yake kubwa si udongo bali mchanga mweupe wa kwarizi uliosagwa na kuchanganywa na unga wa kioo. Ndiyo maana weupe wake ni safi namna ile. Rangi hupakwa, kisha juu yake huja utando wa kioo, kisha tanuri. Rangi nyingine hulala chini ya utando huo zikiwa laini. Wekundu peke yake, uliotokana na udongo wenye chuma, ulipaswa kupakwa kwa unene, na hadi leo umeinuka. Nilisogea karibu na ukuta nikatazama kwa upande, mwanga wa dirisha ukija kwa mshazari, nikaona kila petali jekundu limevimba kidogo. Mafundi wa Iznik waliupata wekundu huo katikati ya karne ya 16 na haukudumu vizazi vingi. Katika karne ya 17 kazi yao ilififia, na wekundu ukawa wa hudhurungi.

Nikaswali adhuhuri nyuma, upande wa wanawake. Sisi tumezoea kuta nyeupe za chokaa. Katika misikiti yetu ya kale ya pwani kauri ilipewa nafasi ndogo ya heshima. Gede, kwa mfano, mabakuli yalipachikwa kwenye kibla, moja moja, yakiwa yamezungukwa na weupe. Nilipokaa pale nikiwa nimezungukwa na maelfu ya vigae nilihisi kwamba macho yangu yangali yakitafuta lile bakuli moja.

Asubuhi iliyofuata shangazi aliamua kufuatana nami. Alisema ni kwa ajili ya kuona bahari. Basi la Sarıyer linapita ukingoni kabisa mwa Bosporus, majumba ya mbao yakiwa upande mmoja na meli za mizigo upande mwingine, karibu mno hata unasoma majina yake. Tulishuka Büyükdere mbele ya jumba refu la mbao la mwishoni mwa karne ya 19. Hilo ndilo Makumbusho ya Sadberk Hanım. Sadberk Koç alikuwa mke wa Vehbi Koç, tajiri mkubwa wa Uturuki. Alipenda nguo za kimila, taraza, vyombo vya fedha vyenye muhuri wa masultani, na kauri. Alifariki mwaka 1973, na mwaka 1980 familia yake ilifungua makumbusho haya katika nyumba iliyokuwa yao ya kiangazi, yakiwa ya kwanza nchini Uturuki kuanzishwa na watu binafsi.

Ndani sakafu inalia chini ya miguu, na hilo lilinifurahisha, kwani unajua uko nyumbani kwa watu. Katika vyumba vya juu wamepanga maisha ya zamani: usiku wa hina, kitanda cha mzazi kilichotandikwa taraza, meza ya kahawa. Shangazi alisimama mbele ya kitanda cha mzazi kwa muda ambao sikuutarajia. "Hapa mtu ametulizwa siku arobaini," alisema. "Angalia mito. Huyu hakuachwa peke yake." Kisha akaanza kunieleza jinsi bibi yangu alivyotandikiwa alipojifungua baba, habari ambazo hajapata kunisimulia nyumbani.

Kwenye finjani za Kütahya ndipo mfanyabiashara alipoamka ndani yake. Ni vijikombe visivyo na mkono, vyembamba, vya karne ya 18, vyenye maua madogo ya buluu, kijani, wekundu na manjano ya ndimu. Iznik ilipofifia, Kütahya iliendelea, na wafinyanzi wake wengi walikuwa Waarmenia. Iznik ilifanya kazi ya masultani. Hawa walifanya kazi ya wanywa kahawa. Nilimweleza shangazi nililolisoma, kwamba mwaka 1766 wenye warsha na wafanyakazi wao wa finjani kule Kütahya waliandikiana mkataba mbele ya kadhi, wakapanga ujira kwa kila vikombe mia. "Mbele ya kadhi!" akasema, akainama tena kuzitazama zile finjani, safari hii kwa heshima nyingine. Zile zilizokuwa zimechorwa maua machache alizihesabia haraka, na zile zenye maua mengi akasema fundi wake lazima alinung'unika.

Lakini kilichoniteka mimi ni sahani za Çanakkale. Mji huo uko kwenye mlango-bahari wa Dardanelles, ambako kila meli inayotoka Mediterania kwenda Istanbul hupita. Wafinyanzi wake walitumia udongo mzito wa kawaida, ule unaobaki mwekundu au wa rangi ya mchanga, wakaupaka weupe na kuchora juu yake kwa mkono mwepesi: samaki, ndege, msikiti, ua moja kubwa, au jahazi. Walifanya hivyo tangu mwanzoni mwa karne ya 18 hadi mwanzoni mwa ya 20, na miongoni mwa wateja wao walikuwamo mabaharia na abiria wa meli zilizosimama hapo. Baadaye wakaongeza mitungi yenye midomo ya ndege, vichwa vya farasi, na mawaridi ya udongo yaliyobandikwa ubavuni. Kwangu hiyo imezidi. Sahani za meli ndizo. Mfinyanzi amepiga mistari michache ya kahawia, hapa tanga, hapa mlingoti, hapa bendera iliyo kubwa kuliko tanga, na chombo kimeinama kwa upepo. Mtu aliyechora hivi aliziona meli kila siku na hakuhitaji kufikiri. Nikazitazama nikakumbuka kwamba sahani zetu zilikuja kwa meli.

Niseme kinachonikaa moyoni. Lamu, zidaka ni safu za vidaka vilivyochongwa katika lipu ya chokaa, kwenye ukuta wa ndani kabisa wa nyumba, na humo zilipangwa kauri kutoka China, Uajemi, na baadaye Ulaya, pamoja na zile bakuli za maua ya kugonga zilizotengenezwa Maastricht, Uholanzi. Kaburi la mnara la Mambrui lilipachikwa mabakuli ya China. Mara nyingi tunazitaja kauri hizo kana kwamba zilikuwa hazina za wafalme. Nyingi hazikuwa hivyo. Zilikuwa bidhaa za kawaida, zilizofinyangwa kwa wingi kwa ajili ya kusafirishwa, na mfinyanzi wake alikuwa mtu wa haraka zake kama yule wa Çanakkale. Aliyezifanya hazina ni aliyezipokea: akazichongea mahali pake ukutani, akazifuta vumbi, akamwonyesha mgeni. Zidaka nyingi za Lamu sasa ni tupu, kwa sababu wanunuzi walikuja na fedha na hakuna aliyewaambia wenye nyumba thamani ya walichokuwa nacho. Mbele ya kabati la Çanakkale nilitamani sana kwamba nasi tungekuwa na Sadberk Hanım wetu, mama mwenye uwezo na jicho, wa kununua kabla ya mgeni.

Tulipotoka hapo tulivuka Bosporus kwa feri ya İstinye hadi Çubuklu, kisha basi hadi Beykoz, ambako mwaka 2021 yalifunguliwa makumbusho ya kioo katika zizi la zamani la farasi la Abraham Paşa, ndani ya msitu mdogo unaotelemka kuelekea bahari. Baada ya udongo wote ule, vyumba vya kioo ni kama mtu amefungua madirisha. Kuna kioo cheupe kama maziwa kilichochorwa dhahabu, kuna chekundu, na kuna kile wanachokiita jicho la bulbul: mistari myembamba ya buluu na nyeupe inayopanda ikizunguka mwili wa chombo. Mistari hiyo haikuchorwa. Fundi hupanga vijiti vya kioo cha rangi ndani ya kalibu, anatumbukiza donge la kioo cha moto livinyakue, kisha anapuliza huku akilizungusha, na vijiti vinajisokota pamoja na chombo. Inasimuliwa kwamba darweshi aitwaye Mehmed Dede alitumwa Venice enzi za Sultani Selim III kujifunza kioo, akarudi kuanzisha kazi Beykoz.

Kati ya mitungi na vyano kulikuwa na chupa yenye tumbo la mviringo na shingo ndefu nyembamba, yenye vitundu nchani. Shangazi alinishika bega. "Mrashi," alisema kwa sauti, na mlinzi mwanamke akageuka. Pembeni yake kilikuwapo chetezo. Viwili hivyo vilikuwa pamoja, vinavyokuja mikononi mwa watu wetu kila maulidi na kila harusi, ubani kwanza, marashi baadaye.

Mlinzi alijua chombo hicho kilikuwa cha maji ya mawaridi, lakini alitaka kujua, kwa ishara na kwa simu ya tafsiri, kama kweli sisi bado tunakitumia. Shangazi akamwonyesha: mgeni anakinga viganja, mrashi unatikiswa mara mbili tatu, naye anajipaka usoni na kifuani. Mlinzi akakinga viganja vitupu, akajipaka, akaita mwenzake aje aone. Akatueleza kwamba bibi yake alifanya hivyo hivyo wageni walipokuja kusoma maulidi, na kwamba yeye mwenyewe hana mrashi nyumbani.

Tuliporudi mjini shangazi hakutaka kupumzika. Alinivuta hadi kwenye mitaa ya nyuma ya Soko Kuu akitafuta mirashi ya kioo, si ya kale, ya kazi ya leo. Tukaipata kwa mzee mmoja aliyekuwa nayo juu ya rafu, imejaa vumbi, kati ya taa. Alitaka kujua kama ni ya kupamba sebule, ili aichague yenye dhahabu nyingi. Shangazi akaitikisa mmoja baada ya mwingine karibu na sikio, akaikataa yenye vitundu vilivyoziba, akamwambia kwamba ni ya kazi na Mfungo Sita haiko mbali, kisha akaanza kupatana bei.