Karkade: Chai Nyekundu Isiyo na Jani la Chai

Msafiri atokaye Gulu kwenda kaskazini hupita Atiak, akafika Elegu penye forodha, kisha akavuka mpaka na kuingia Nimule. Toka hapo hadi Juba ni mwendo wa kilometa 192 za lami. Barabara hiyo ilikamilishwa mwaka 2012, mwaka mmoja baada ya Sudan Kusini kujipatia uhuru wake tarehe 9 Julai 2011. Wengi waipitao hurudi wakisimulia joto la Juba, vumbi lake na bei za vyakula vyake. Wachache husimulia vinywaji vyake, nao hao wengi huwanyima wasikilizaji wao jambo lenye ladha.

Kwa maana Juba ni mji wa chai. Chini ya miembe, kandokando ya barabara, na katika vichochoro vya soko la Konyo Konyo, huketi akina mama wenye jiko la makaa, meza ndogo, na viti vifupi vilivyopangwa nusu duara. Desturi hii imeteremka kutoka Khartoum na Omdurman, ambako mama wa kazi hiyo huitwa sitt esh-shai, yaani bibi wa chai. Juu ya meza yake kuna makopo ya kioo: majani ya chai, buni iliyokaangwa, mdalasini, karafuu, iliki, tangawizi iliyotwangwa. Katika kopo moja kuna kitu kama maua makavu, chenye rangi ya damu iliyoganda. Hicho ndicho karkade.

Mwenzangu wa safari alikuwa sajini mstaafu wa polisi, Mnubi wa Bombo, mtu wa maneno machache. Miaka mingi ya zamu za usiku ilimzoesha kahawa nzito, na alipostaafu kahawa ikabaki, usingizi ukakataa kurudi. Juu ya hayo, daktari alikuwa amempima na kumwambia kwamba shinikizo la damu yake limepanda, ajihadhari. Jioni ile ya kwanza alikaa kwenye kiti kifupi akiwatazama wengine wakinywa, kama mfungaji atazamaye futari ya watu.

Yule bibi wa chai alimsalimu kwa Kiarabu cha Juba, naye akaitikia kwa Kinubi, na hapakuwa na haja ya mkalimani. Wala si ajabu. Wazee wa Wanubi walikuwa askari wa Emin Pasha katika jimbo la Equatoria, kwenye ardhi hii hii, kabla Kapteni Lugard hajawachukua kutoka Kavalli, karibu na Ziwa Albert, mwaka 1891 na kuwaleta Uganda. Lugha hizo mbili ni ndugu wa tumbo moja. Sajini alipoeleza habari ya daktari wake, yule mama alicheka, akamwita “ami” kama sisi tumwitavyo ndugu wa baba, akasema, “Basi, ami, wewe si mtu wa kahawa. Wewe ni mtu wa karkade.”

Alitia konzi moja ya vile vikavu katika birika la enameli, akaongeza kijiti cha mdalasini, karafuu tatu na kipande cha tangawizi, akamimina maji yaliyokuwa yakichemka, akafunika. Hakuyaacha yatokote juu ya moto. Alingoja kitambo kadiri ya mtu kuvuta sigara moja, akachuja katika bilauri ndogo zenye sukari chini yake.

Rangi ndiyo ifikayo kwanza. Ukiinua bilauri mbele ya taa utaona wekundu wa kito, safi, usio na utando. Kisha huja harufu, nayo ni ya matunda: ukwaju, zambarau, na kitu kama forsadi zilizoiva. Funda la kwanza ni kali, hukunja shavu kama ndimu, na mtu asiye na subira huweza kuiweka bilauri chini hapo hapo. Lakini sukari iliyo chini hupanda polepole. Katika funda la tatu ukali hugeuka kuwa utamu wenye meno, mdalasini hujitokeza, karafuu hubaki kooni, na tangawizi hushuka kifuani na kukaa huko. Sajini alimaliza bilauri mbili bila kusema neno. Ya tatu aliomba bila sukari, na mimi kwa upande wangu naona hapo alizidisha ushujaa.

Karkade si chai kwa maana ya mmea. Chai halisi na kahawa zina kafeini, ile dawa ya asili iamshayo ubongo. Karkade haina hata chembe. Ni sehemu ya mmea wa jamii moja na bamia na pamba, unaojulikana Tanzania kwa jina la choya au rozela, na ulio na jamaa wa karibu katika malakwang, ile mboga chachu ya Waacholi na Walango. Wengi hudhani kinachochemshwa ni ua. Sivyo. Ua lenyewe hunyauka na kuanguka. Kinachobaki ni kikombe kinono chekundu kilicholishika ua, nacho huendelea kukua kikizikumbatia mbegu. Hicho ndicho huchumwa, kikatolewa mbegu na kuanikwa. Wasenegali hukiita bissap, Wajamaika hukinywa wakati wa Krismasi pamoja na tangawizi, na kule Aswan, Misri, hunywewa moto wakati wa baridi na baridi wakati wa hari.

Lakini ile iliyokuwa katika kopo la bibi wetu ilitoka Kordofan, nchi ya mchanga magharibi ya Mto Nile, ambayo pamoja na Darfur ndiyo ghala la karkade ya Sudan. Huko mkulima hutegemea mvua chache za kiangazi cha kaskazini. Hupanda mvua zinapoanza, na kuvuna mwishoni mwa mwaka, wakati ardhi imekwisha kauka. Kazi ya kutoa mbegu hufanywa kwa mkono, kikombe kimoja kimoja, na kwa sehemu kubwa ni ya wanawake na watoto. Magunia hupelekwa soko la El Obeid, mji ulio maarufu pia kwa gundi ya mgunga, ufuta na karanga.

Tarehe 15 Aprili 2023 vita vilizuka Khartoum kati ya jeshi la Sudan na kikosi cha RSF. Moto huo ulienea hadi Darfur na Kordofan, na El Obeid yenyewe ilizingirwa hadi Februari 2025, jeshi lilipofungua njia. Gunia la karkade, ambalo zamani lilisafiri kwa lori bila kutazamwa mara mbili, sasa hupita vizuizi vingi, na kila kizuizi kina bei yake. Yule mama alikuwa mmoja wa waliokimbia. Alikuwa na meza yake Omdurman, chini ya ukuta wa shule. Alitoka na watoto wawili na birika, akavuka mpaka kupitia Renk, akasafiri kwa mashua hadi Malakal, na baadaye Juba. “Meza huachwa,” alisema, “birika halina uzito.”

Wengine waliendelea kusini zaidi, na makambi ya Kiryandongo, hapa Uganda, yamewapokea Wasudani wengi tangu mwaka huo.

Si mara ya kwanza kwa kazi hii kuwa kimbilio. Akina mama wengi waliouza chai Khartoum walikuwa wajane na wakimbizi wa vita vya Darfur na Milima ya Nuba, na kwa miaka mingi walinyang'anywa vyombo vyao katika misako ya mjini. Mmoja wao, Awadeya Mahmoud, aliunda ushirika wa wauza chai mwaka 1990 ili kuwatetea wenzake, na mwaka 2016 alitunukiwa nishani ya wanawake jasiri na serikali ya Marekani.

Kuhusu shinikizo la damu, sifa ya karkade si ya vijiweni tu. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2010, watu wazima 65 waligawanywa makundi. Waliokunywa vikombe 3 vya karkade kila siku kwa wiki 6 walipungukiwa na shinikizo kwa kiasi cha wastani kuliko waliopewa kinywaji cha kuigiza. Hilo halimaanishi mtu atupe vidonge vyake. Anayetumia dawa za shinikizo, na mama mja mzito, wamwulize daktari kwanza.

Kwa akina mama wa nyumbani, konzi moja yatosha lita moja ya maji. Epukeni sufuria ya alumini, kwani uchachu wa karkade huila. Tumieni enameli au udongo. Ukitaka kuinywa baridi, iloweke usiku kucha katika maji yasiyochemshwa, uchuje asubuhi, utie sukari na maganda ya chungwa. Na ikidondoka kwenye nguo nyeupe ya sare, isuuze mara moja kwa maji matupu kabla ya sabuni, maana sabuni huugeuza wekundu wake kuwa buluu ya ajabu, na mtoto ataliona hilo kuwa mazingaombwe.

Sajini alirudi Bombo na kilo mbili. Ndani ya mfuko wake zilikuwamo mbegu chache zilizosahauliwa na mikono ya Kordofan, naye amezipanda nyuma ya jikoni. Majani ya kwanza mkewe amekwisha yachuma na kuyapika na karanga.