Wagonjwa Sita

Mwalimu aliyesahihisha madaftari miaka mingi haachi. Hata sasa nikipewa maandishi ya mtu yeyote, jicho langu hutafuta mahali pa kutia alama nyekundu. Ndivyo nilivyoipokea orodha ya makala za Dakta E. Donnall Thomas, ambayo mjukuu wangu anayesomea udaktari aliniletea ili nisikae bure.

Thomas alizaliwa Texas, Marekani, mwaka 1920, mtoto wa daktari wa kijijini, na akafariki Seattle mwaka 2012. Mwaka 1990 alipewa Tuzo ya Nobeli pamoja na Joseph Murray, yule mpasuaji wa figo. Kazi ya Thomas ilikuwa kupandikiza uloto, ule uboho wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, ili kuwatibu wenye saratani ya damu.

Jambo lenyewe mkulima ataelewa. Shamba lililovamiwa na magugu hufyekwa lote kwa mionzi na dawa kali, mazao pamoja na magugu, kisha hupandwa mbegu iliyotoka shamba la mtu mwingine. Taabu ni kwamba shamba laweza kuikataa mbegu. Na mbegu nayo, ajabu hii, yaweza kuligeukia shamba na kuliangamiza.

Nilitazamia orodha ianze na ushindi. Makala ya mwaka 1957, katika New England Journal of Medicine, yaeleza habari za wagonjwa sita waliotiwa uloto wa watu wengine kwa njia ya mshipa. Hakuna aliyevuka siku 100. Nilidhani macho yamenidanganya, nikasoma tena. Mwaka 1959 akaandika juu ya wagonjwa waliopewa uloto wa pacha wao wa kufanana. Uloto ulishika, lakini baada ya miezi michache saratani ikarudi. Madaktari wengi wakaitupa kazi hiyo. Yeye akashikilia majaribio yake kwa mbwa, na mkewe, Dottie, akawa naye katika maabara na katika kuyanyoosha maandishi yake.

Halafu ipo ile ya mwaka 1977, katika jarida la Blood: wagonjwa 100 ambao tiba nyingine zilikuwa zimeshindwa, na kati yao 13 wangali hai bila saratani. Kumi na watatu! Mimi ningeona haya kupeleka matokeo kama hayo wilayani. Lakini kwa kuwa aliyaandika yote, pamoja na vilivyowaua wengine, waliokuja nyuma walijua pa kuanzia. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu.

Nimesema ningeona haya. Ukweli ni kwamba niliona.

Mwaka 1986 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ambayo sitaitaja. Nilibuni mtindo wangu wa kufundisha hesabu darasa la nne: watoto wepesi wawafundishe wenzao katika vikundi, mwalimu azunguke tu. Niliupenda mno mtindo ule, labda kwa sababu ulikuwa wangu. Mwisho wa mwaka watoto wakaanguka vibaya kuliko waliowatangulia. Katika taarifa yangu niliandika kwamba mtindo "unaendelea kuzoeleka", na idadi sikuitia.

Taarifa ile ilimfikia mwenzangu mmoja niliyesoma naye chuo cha ualimu, mwalimu mkuu wa shule ya tarafa nyingine. Akaufuata mtindo kwa mwaka mzima. Jioni moja alinijia kwa baiskeli, daftari la matokeo likiwa limefungwa nyuma kwa mpira. Tulikunywa chai, tukaulizana hali za nyumbani, ndipo akaniuliza:

"Mwalimu, kwako ilikuwaje hasa?"

Nikamjibu kwamba pengine watoto wake walikuwa wazito. Alinitazama kidogo, akashukuru kwa chai, akaondoka kabla ya giza. Hatukulizungumza tena mpaka alipofariki.

Daftari langu la mwaka ule ninalo, limeliwa na mchwa pembeni, lakini ukurasa wa hesabu unasomeka. Watoto walikuwa 52. Waliofaulu ni 9.