Mashine Haiingizi Maji: Tutahadhari na Dhana



Maji ni neema, na kila neema tutaulizwa. Sisi watu wa Mombasa twaijua thamani yake, kwani maji yetu hayatoki karibu: hutoka Mzima kule Tsavo, Marere katika milima ya Shimba, Tiwi, na Baricho kando ya mto Sabaki. Mgao ukirefuka, mifereji hukauka siku kadhaa; na siku maji yanaporudi hutangulia upepo, kisha kutu na mchanga, ndipo yakafuata maji yenyewe. Kwa hivyo mashine ya kufulia, ambayo siku hizi imeingia nyumba nyingi, hupata maradhi yake hapo hapo.

Binti wa ndugu yangu aliniita nyumbani kwake. "Ami," akasema, "mashine yanguruma tu, maji haiingizi. Huyu msichana ameiharibu kwa kushindilia nguo. Nimekwisha mwambia, fundi atalipwa katika mshahara wake." Msichana mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, macho chini, hakusema neno. Nilijua kuwa sehemu kubwa ya mshahara ule humwendea mama yake.

Nikamwambia, "Mwanangu, kabla hatujahukumu, tuangalie." Kwani katika Surat Al-Hujurat Mwenyezi Mungu ametuamrisha kuhakikisha habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua (aya ya 6), na ametukataza kufuata dhana (aya ya 12). Amri hizi ni za sokoni na msikitini, na ni za jikoni pia.

Tukaanza na yaliyo mepesi. Mfereji wa ukutani ulikuwa wazi. Mlango wa mashine ulikuwa umebana sawasawa, maana usipobana mashine haiiti maji. Tukaichomoa katika umeme, tukafunga mfereji, tukaufungua mpira kule nyuma ya mashine, tukauelekeza ndani ya ndoo, kisha tukafungulia. Maji yakaja kwa nguvu. Basi mfereji na mpira vilikuwa salama. Pale mpira unapofungiwa kwenye mashine mna chujio dogo la plastiki, halipiti ncha ya kidole gumba. Nikalivuta polepole kwa koleo. Lilikuwa limezibwa na mchanga na kutu hata nuru haipenyi. Tukalisugua kwa mswaki mkuukuu (wenye maji ya kisima yenye chokaa hulirowesha kwanza katika siki), tukalirudisha mahali pake, kwani bila chujio mchanga huingia katika vali, na hapo hasara huwa kubwa. Tukawasha, mashine ikajaa. Kazi yote haikufika nusu saa, na gharama haikuwako.

Je, hatia ya msichana ilikuwa wapi? Mchanga ule ulitoka katika mabomba. Binti yangu alinyamaza kidogo, kisha akamwita msichana kwa jina lake na kumtaka radhi mbele yangu. Hilo lilinifurahisha kuliko mashine kupona. Mtume wetu (S.A.W.) amehimiza mwajiriwa apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka, sembuse kuukata kwa kosa asilolifanya!

Yako na maradhi mengine. Mpira wa kumwagia maji ukilazwa chini sakafuni, maji hutoka huku yanaingia, na mashine haijai abadan. Ncha yake na iinuliwe kiasi cha sentimita 60 au zaidi. Na wako wanaotegemea tangi la juu ya dari. Tangi likiwa mita 10 juu ya mashine, hutoa presha ya ba 1 hivi, na mashine nyingi hutaka kama nusu ya hiyo, yaani tangi liwe mita 5 juu yake. Akaaye ghorofa ya mwisho, na tangi liko mita 2 tu juu ya kichwa chake, asishangae mashine ikisusa. Dawa yake ni kuliinua tangi, au kutia pampu ndogo baina ya tangi lake na mashine yake.

Lakini tahadharini: baadhi ya watu huifunga pampu katika bomba la mtaa wenyewe, wakayanyonya maji kwa nguvu, na jirani mwenye mayatima akifungua mfereji wake akapata upepo. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa watu ni washirika katika maji. Anayemnyang'anya jirani fungu lake nguo zake zitatakata, lakini deni la jirani litabaki shingoni mwake mpaka siku ya hesabu.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuhakikisha kabla ya kulaumu, na kuchukua kilicho haki yetu tu. Amin.