Kofia za Vita vya Jangwani

Wenzetu wengi, waingiapo nyumbani mwetu na kuona kabati la kioo lililojaa kofia kuukuu, hutuuliza, "Mwalimu, vyuma hivi vyakufaa nini?" Wengine hucheka. Hatuwalaumu. Akusanyaye sarafu hueleweka, bali akusanyaye kofia za askari waliopigana jangwani zaidi ya miaka 80 iliyopita huonekana kama mtu aliyekosa kazi. Basi twapenda kueleza jinsi tulivyoanza, na zaidi jinsi tulivyopata kuaibika, maana aibu ile ilitufundisha kuliko vitabu.

Tulianza kwa kofia ya babu. Yeye alikuwa payonia, mmoja wa maelfu ya vijana wa Afrika ya Mashariki waliopelekwa Mashariki ya Kati katika Vita Kuu ya Pili, kufanya kazi za mikono nyuma ya majeshi. Alirudi kutoka Misri na kofia nzito ya sufu iliyoshindiliwa, yenye ukingo mpana, nayo ikaning'inia msumarini miaka yote ya utoto wetu. Alipofariki tuliirithi, tukatamani kujua wenziwe na adui zao walivaa nini.

Tulijifunza mengi. Waingereza walivaa kofia ya chuma iliyo kama bakuli pana lililofudikizwa. Asili yake ni kofia aliyoibuni John Brodie mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ili kumkinga askari aliye handakini na vipande vya makombora viangukavyo kutoka juu. Wajerumani waliofika Tripoli mwezi wa Februari 1941 walipewa kofia ya jua, pana na nyepesi, yenye ngao ndogo mbili za madini ubavuni. Kofia ile haikuzuia risasi, wala haikufaa ndani ya kifaru, na wengi wakaiacha. Waliyoipenda ni ile ya kitambaa cha pamba, yenye ukingo mrefu wa kukinga macho. Rangi yake ilikuwa ya zeituni, lakini jua liliipausha hata ikakaribia weupe, na weupe ule ukawa heshima, kwa kuwa ulionyesha kwamba mwenyewe ni mkongwe wa jangwa. Basi vijana waliofika jana wakazipausha zao kwa dawa, ili nao wadhaniwe wakongwe! Tuliposoma hayo tulicheka sana. Hatukujua kwamba zamu yetu yaja.

Yafaa msomaji ajue kwamba katika biashara ya vitu hivi, hadithi huuzwa ghali kuliko chuma. Kofia ya Kijerumani ya rangi ya kijivu ina bei yake. Ile ile ikipakwa rangi ya mchanga, na kusemwa kwamba ilitoka jangwani, bei hupanda maradufu. Kwa hiyo waongo ni wengi. Huchukua kofia ya kweli, wakaipaka rangi mpya, wakaizika katika udongo wenye chumvi mpaka ishike kutu. Hata kofia ya Kiingereza yataka uangalifu: bitana yake yashikwa na skrubu moja tu utosini, hivyo bitana ya mwaka mmoja yaweza kutiwa katika chuma cha mwaka mwingine kwa dakika chache.

Miaka kadhaa iliyopita mchuuzi mmoja wa ng'ambo alituuzia kofia ya chuma ya Kijerumani, yenye rangi ya mchanga na tundu moja kipajini. Alituambia ilitoka El Alamein. Hakuleta ushahidi wowote, nasi hatukuudai, kwa kuwa tulitaka iwe kweli. Siku ya maonyesho ya shule tuliiweka katikati ya meza. Tukawaambia watoto kwa sauti ya huzuni kwamba mwenye kofia hii aliuawa kwa risasi Oktoba 1942, usiku wa kwanza wa vita vile. Usiku ule tuliuongeza wenyewe. Watoto walinyamaza kimya.

Kijana mmoja, mwana wa mhunzi, akainyanyua, akatia kidole tunduni, akasema kwa adabu, "Mwalimu, niwie radhi. Risasi hupasua chuma na kukisukuma ndani. Tundu hili ni la keekee."

Tulitazama. Lilikuwa duara safi, na mikwaruzo ya keekee ilionekana. Tungaliweza kumwambia anyamaze, naye angalitii. Badala yake tulisema, "Mwanangu, tutaichunguza," tukaendelea na kofia nyingine. Hilo nalo lilikuwa uongo, kwa kuwa tulikwisha kujua. Usiku hatukulala vema. Kupoteza fedha si neno; lakini tulikuwa tumewafanya watoto wamlilie mtu ambaye hakuwapo, na wafu wa kweli wa mahali pale wapo.

Katika makaburi ya Jumuiya ya Madola huko El Alamein wamezikwa zaidi ya watu 7,000, na makaburi zaidi ya 800 kati ya hayo hayana jina. Wajerumani na Waitalia nao wana majengo yao ya wafu, karibu na hapo. Huenda wengine wasiojulikana wangalijulikana kama kitu chenye jina au namba kingaliachwa kando ya mifupa. Mtu achukuaye kofia mchangani ili kuiuza aweza kuchukua neno la mwisho la marehemu. Tangu siku ile hatununui kitu kilichochimbuliwa. Tena jangwa lile lilijaa mabomu yaliyotegwa ardhini, nayo yameendelea kuua na kulemaza wenyeji miaka mingi baada ya vita kwisha.

Jumatatu iliyofuata tulisimama mbele ya darasa tukasema, "Yule kijana alisema kweli. Nasi tulijua alipokuwa akisema." Hatukuona dharau machoni mwao. Ila mmoja aliuliza, "Na ile ya babu yako, Mwalimu, waijuaje?"

Swali lile lilitugusa moyo. Kwetu husemwa kwamba babu alikuwa Tobruk, nasi tulikuwa tumeandika hivyo katika kikaratasi chake. Lakini yeye mwenyewe tulimsikia akitaja Misri tu. Tulirudi nyumbani, tukalifuta neno Tobruk. Shangazi yetu alikasirika, akasema twampunguzia baba yake sifa. Tulimjibu, "Shangazi, yatosha tulilosikia kinywani mwake." Hajaridhika hata leo.

Kofia yenye tundu ingali kabatini. Kikaratasi chake chasema: "Kofia ya Kijerumani. Rangi ni ya baadaye. Tundu ni la keekee." Watoto wajapo kutuzuru, hiyo ndiyo waombayo kwanza kuishika.