Dodoma, Mji Unaouzwa Kwenye Simu

Treni ya umeme ikishayapita mahandaki ya Kilosa, milima hubaki nyuma na nchi ikafunguka: mibuyu, udongo mwekundu, mawe makubwa yaliyobebana. Unapokaribia Dodoma vinaanza kuonekana vibao vya viwanja, vimechomekwa hata kando ya mashamba ya mtama. Kila kimoja kina namba ya simu na ahadi: kimepimwa, umeme upo, lipa kidogo kidogo. Dada aliyeketi mbele yangu hakuwa akivitazama dirishani. Alikuwa na viwanja vyake kwenye kioo cha simu, anapandisha kidole na kushusha, anasimama kwenye bei, anaendelea. Alikuwa mtumishi aliyehamishwa, na alitaka kujua kama Nzuguni ni mbali na Mtumba, uliko Mji wa Serikali.

Maswali kama lake ndiyo yaliyokuwa yakinipeleka Dodoma. Madalali wanaouza na kupangisha kwa njia ya mitandao walikuwa wameitana kutoka mikoa kadhaa wakutane kwenye ukumbi wa ghorofa ya juu, mwendo mfupi kutoka Nyerere Square, wafundishane kazi. Hakukuwa na mgeni rasmi wala meza kuu. Viti vilipangwa duara, soketi za kuchajia simu zikagombaniwa mapema, na chai ya maziwa ilikuwa tayari na maandazi yake.

Mji wenyewe ulifaa kwa mkutano huo. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulipitishwa mwaka 1973, na mwaka huohuo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, iliyopima na kugawa ardhi kwa zaidi ya miaka 40. Wizara zilichelewa kuja. Mwaka 2016 Serikali ilipotangaza kwamba sasa inahama kweli, bei zikaamka. Mwaka 2017 CDA ikavunjwa na kazi zake zikahamia halmashauri; mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji. Maelfu ya watu wakahitaji vyumba na viwanja katika mji wasioujua, na wengi walianza kuvitafuta wakiwa bado Dar es Salaam, simu mkononi.

Utambulisho ulinifundisha jinsi kazi hii ilivyo. Mtu alisimama akataja eneo kabla ya jina. "Ilazo na Kisasa." "Goba mpaka Madale." "Mwanza, Buswelu." "Arusha, Njiro, frem na apatimenti." Waliofuatana mtandaoni kwa muda mrefu walikuwa wanaonana uso kwa uso kwa mara ya kwanza, na ukumbi ukajaa vicheko: "Kumbe ndiye wewe!"

Somo la kwanza lilitolewa na binti kutoka Mbeya mwenye wafuasi wengi kuliko karibu wote waliokuwepo. Aliwasha video zake mbili za nyumba ileile. Ya kwanza ilianzia sebuleni kwenye makochi na taa za dari. Ya pili ilianzia barabara ya lami: kamera ikaingia njia ya vumbi, ikapita nguzo ya umeme, ikaonyesha daraja dogo, kisha geti, mita ya maji, tangi, na vyumba mwisho kabisa. "Makochi ni ya mpangaji, anaondoka nayo," alisema. "Mteja anataka kujua mvua ikinyesha atafikaje." Video ya kwanza ilipendwa zaidi. Ya pili ndiyo iliyoleta simu za watu waliokwisha kuamua, wala hakulazimika kuwazungusha wengine bure kwenye jua.

Ndipo likaja suala la bei. Matangazo mengi ya nyumba nchini humalizika kwa maneno "bei njoo inboksi". Mzee mmoja wa Chang'ombe, aliyeanza udalali enzi za vibao vya mbao na chaki, aliutetea utaratibu huo kwa uchungu wa kweli. "Wanangu, nikiweka bei na mtaa, mteja atanipita aende kwa mwenye nyumba. Nimerukwa mara nyingi. Nimetembeza watu juani, wakarudi jioni peke yao wakalipa." Hakuna aliyembeza. Mama wa Njiro alimjibu kwa adabu: "Shikamoo baba. Dawa si kuficha. Mimi siposti nyumba mpaka na mwenyewe tumesaini karatasi: malipo yangu ni kiasi gani, na mteja atakayetokana na posti yangu ni wangu ndani ya muda fulani. Tangu hapo bei naiandika wazi."

Kutoka hapo hawakuweza kulikwepa jambo ambalo kila mtu alilijua: cha juu. Mwenye nyumba anasema laki tatu, dalali anamwambia mpangaji laki tatu na nusu, tofauti inaingia mfukoni kimyakimya. Kijana mmoja alisema bila cha juu asingelipa hata kodi yake mwenyewe. Wengine wakamkumbusha kwamba kwa desturi mpangaji tayari anamlipa dalali kodi ya mwezi mmoja, na kabla ya hapo amelipia kuonyeshwa. Mtu anayetoa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, udalali juu yake, na gari la kuhamisha, ameshabeba mzigo mzito. Nilifurahi kuona hoja hiyo ikitolewa na madalali wenyewe, tena kwa sauti ya juu. Nimewahi kusikia wapangaji wakilalamika hivyo. Sikuwahi kuwasikia wauzaji wakiambiana.

Kikao kilitulia pale jamaa mmoja wa Dar es Salaam alipoeleza yaliyompata. Aliposti nyumba Kimara, picha zake zikachukuliwa na ukurasa mwingine wenye namba nyingine na bei ya chini mno. Mjane mmoja akatuma fedha za kushikilia nyumba. Alipofika akakuta familia inakula chakula cha mchana, haijui lolote. Ukitembea Dar utakuta kuta zimeandikwa kwa rangi nyekundu NYUMBA HII HAIUZWI. Wenye nyumba waliandika hivyo kwa sababu ya matapeli, na baadhi ya matapeli ni ndugu wa ndani. Mtandao umewapa watu hao ukuta mrefu usio na mwisho. Tangu siku hiyo jamaa huyo huandika jina la ukurasa wake katikati ya picha, na kila video huifungua kwa sauti yake na tarehe.

Baada ya chakula mpima ardhi aliyealikwa alieleza mambo ambayo picha haiwezi kuyaonyesha. Ardhi yote Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini, hivyo kinachouzwa ni haki ya kuimiliki kwa muda, na hati huandikwa miaka 33, 66 au 99. Kwa hiyo dalali anayeposti "hati ipo" aseme imebaki miaka mingapi. Afanye upekuzi katika ofisi ya ardhi, aone jina la mmiliki na kama pana rehani ya benki. Aulize mwenza, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Madalali waliandika, wengine wakarekodi. Mzee wa Chang'ombe aliomba lile la mwenza lirudiwe.

Dada kutoka Nairobi alisema kwao mawakala wa majengo wana sheria yao na bodi ya kuwasajili tangu miaka ya 1980, na bado wasiosajiliwa ni wengi. Kwa maoni yake sheria inahitajika, ila watu wa fani wakikaa kuisubiri tu wanawaachia uwanja walaghai. "Anzeni kwa kujuana," alisema.

Jioni tuliingia Iyumbu kwa bodaboda. Kijana wa Ilazo alikuwa ametangaza kiwanja "dakika kumi kutoka UDOM", yaani Chuo Kikuu cha Dodoma, wenzake wakataka wakipime. Dereva alifika ndani ya dakika hizo. Kisha mmoja akauliza: mwanafunzi au mfanyakazi asiye na nauli ya boda je? Wakatafuta bikoni za mipaka. Tatu zilipatikana upesi. Ya nne ilikuwa imefunikwa na mchanga, akaionyesha mama jirani aliyekuwa akichunga mbuzi. Yeye ndiye aliyewaeleza pia kwamba masika maji hukatiza kona ile. Kijana hakujitetea. Alitoa simu, akasahihisha tangazo palepale: dakika kumi kwa pikipiki, kona ya chini hupita maji masika. Wenzake wakampigia makofi, na mama wa Njiro akamwambia ana mteja wa diaspora anayetafuta eneo lile, akimpata watagawana malipo nusu kwa nusu.

Hapo ndipo nilipoona faida halisi ya kukutana. Mbinu za video mtu anaweza kujifunza akiwa chumbani kwake. Kuambiwa na mwenzako, mguu ukiwa juu ya ardhi yenyewe, kwamba tangazo lako lina upungufu, hilo linahitaji watu wanaoheshimiana na watakaoonana tena. Kabla ya kutawanyika walikubaliana sharti moja la kundi lao la WhatsApp: hakuna atakayeisambaza nyumba au kiwanja ambacho mmoja wao hajafika na kukihakiki, na jina la aliyehakiki litaandikwa.

Mnunuzi wa kipato cha kawaida hana wakili. Mtu wa kwanza anayempigia ni dalali, na mara nyingi ndiye wa mwisho kabla ya fedha kutoka. Wizara ya Ardhi imekuwa ikiendesha kliniki za ardhi mikoani kuwasikiliza wananchi wenye migogoro. Iwaite na madalali kwenye meza hizo, iwafundishe upekuzi, iwape utambulisho. Kiwanja kimoja kikihakikiwa kabla ya kupostiwa, kesi moja imepungua kwenye baraza la ardhi, na akiba ya familia moja imebaki salama.