Kichefuchefu cha siku ya tano

Wadau, hii nimeifikiria sana kabla ya kuiandika. Siku ya tano tu baada ya lile tukio (msiniulize) nikajua tayari, nina mimba. Kichefuchefu, uchovu, harufu ya maharage ya kafeteria sitaki hata kuisikia. Nikanunua kipimo cha mkojo duka la dawa, nikapimia chooni hosteli. Mstari mmoja. Nikacheka peke yangu kama chizi.

Kumbe nilicheka bure. Nesi mmoja akanieleza: yai likisharutubishwa huchukua kama siku 6 hadi 10 kujishikiza kwenye mji wa mimba, na homoni inayosomwa na kipimo huanza hapo. Siku ya tano hakuna cha kusoma! Kichefuchefu changu kilikuwa woga, labda na chipsi za usiku. Cha mimba wengi hukipata karibu wiki ya 6, tena wanahesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Matiti kuuma na uchovu vinaweza kutangulia, ila hata hedhi ikikaribia ni hivyo hivyo.

“Subiri siku zako zipite ndo upime, mdogo wangu.”

Siku tisa za kusubiri, na testi katikati. Mwenzangu kila jioni meseji: “vipi?” Vipi nini sasa?

Zikachelewa siku mbili. Leo alfajiri nimepima tena, mstari mmoja, na jioni hii nimeziona. Testi nimepata 9 kati ya 20.