Bumu Langu na Nyumba ya Bibi

Muhula uliopita nilisimama kwenye mdahalo kutetea mada kwamba serikali bora ni ile ndogo. Nilijiandaa kweli. Wiki nzima nilikaa kwenye kimbweta nikimsoma Friedrich Hayek, mchumi aliyezaliwa Vienna, ambaye walibertari wengi wanamkubali. Hawa ni watu wanaoamini kwamba kazi ya serikali ni kulinda usalama, mali na mikataba, basi. Biashara iwaachie wenyewe. Na jeshi libaki kulinda mipaka, lisiende kupanga mambo ya nchi za watu.

Hoja ya Hayek iliyonishika ni rahisi. Maarifa yanayoendesha uchumi hayako ofisini, yametawanyika kwa watu. Mkulima analijua shamba lake, muuza nyanya anawajua wateja wake. Ofisa anayepanga kila kitu kutoka juu hawezi kuyakusanya yote, na watu wasipoufuata mpango wake, atatumia nguvu.

Mfano niliutoa nyumbani. Hayek alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1974. Mwaka huohuo, kule Shinyanga, bibi yangu alihamishwa kwenda kijiji cha ujamaa. Mwalimu Nyerere alikuwa ametangaza mwaka 1973 kwamba hadi kufikia mwisho wa 1976, kuishi kwenye vijiji vya pamoja ni lazima. Bibi anasema walikuja asubuhi, wakang'oa paa, vyombo vikapakiwa kwenye lori. Shamba lake la pamba likabaki mbali. Sasa niambieni, udongo wa pale aliujua zaidi nani, bibi au aliyechora ramani?

Ukumbi ukapiga makofi. Upinzani wakaleta Vita vya Kagera: Amin alivamia Oktoba 1978, je, jeshi letu lingeishia mpakani badala ya kuingia Kampala Aprili 1979? Nikajibu kwamba kumtoa mvamizi ni kujilinda, ila kuendelea hadi mji mkuu wa watu ni jambo jingine. Wakaguna. Hapo ndipo jamaa mmoja wa nyuma akapaza sauti: "Mheshimiwa, hilo bumu anakuingizia Hayek?"

Watu wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka, lakini lilinichoma. Ada yangu, chakula changu, hata hela ya mazoezi ya kufundisha, vyote ni mkopo wa serikali. Bila huo ningekuwa nyumbani.

Likizo nikamsimulia bibi, nikitegemea anisifu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mjukuu wangu, uliwaambia pia nilijifunzia wapi kusoma?"

Sikuwaambia. Alisoma kisomo cha watu wazima, jioni chini ya mti, katika kijiji hichohicho alichopelekwa kwa lori. Mama yangu naye alianza shule ya msingi hapohapo. Nikamuuliza, kwa hiyo walifanya vizuri kumhamisha?

"Hapana. Nyumba ilikuwa yangu. Wangeniambia shule iko wapi, ningeenda mwenyewe."

Tangu siku hiyo sijiiti libertari, wala sijahamia upande wa pili. Wako sahihi kwamba anayetumia nguvu ndiye anayepaswa kujieleza, si anayebomolewa. Lakini kiukweli, mtoto wa mkulima asiye na ada hakufikishwa chuoni na soko peke yake. Tena mimi nasomea ualimu. Sheria inamlazimisha mzazi kumpeleka mtoto shule, na nikimaliza nitakuwa mkono wa sheria hiyo darasani. Nguvu hiyo naikubali, kwa sababu mtoto wa miaka saba hawezi kujiamulia. Bibi alikuwa mtu mzima.

Jamaa wa nyuma, jibu lako limechelewa, lakini ni hili: bumu nitalirudisha, asilimia 15 ya mshahara kila mwezi. Hilo nililiwekea saini mwenyewe. Bibi hakuna aliyempa karatasi.